MREJESHO: Kompyuta tatu za nyumbani Dodoma, mimi nikiwa Mpwapwa

Wakuu, niliwauliza nitazifikiaje kompyuta tatu za nyumbani Kisasa nikiwa kazini Mpwapwa, wakati ruta ni moja na zote nilitaka kuziingia kwa mlango (port) 3389, ule wa Remote Desktop, huduma ya Windows ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali. Imekubali.

Wengi mlisema nifungue milango tofauti kwenye ruta, mmoja kwa kila kompyuta: 3389, 3390, 3391. Lakini nilipoingia kwenye ruta nikakuta anwani ya upande wa nje inaanza na 100.72. Mdau aliyeniambia niangalie hapo kwanza, asante sana mkuu. Kuanzia 100.64 hadi 100.127 ni anwani za ndani za mtoa huduma, wateja wengi mnatokea kwa anwani moja ya nje, kwa hiyo hata ufungue milango yote, ombi la kutoka nje halikufikii. Na bora hivyo, maana 3389 ikiwa wazi intaneti wadukuzi hawachezi mbali.

Nimeweka Tailscale, programu ya kuunganisha mashine zako kwa mtandao binafsi (VPN) kwa teknolojia ya WireGuard, kwenye zote pamoja na laptop yangu. Kila mashine ina anwani yake, hazigombanii mlango tena. Ya mama ni Windows Home, haipokei Remote Desktop, hiyo nimeiwekea RustDesk, programu nyingine ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali. Mara ya kwanza alinipigia: "Mwanangu, mshale unatembea wenyewe!" Sasa akikwama kuprinti risiti za duka namsaidia nikiwa huku huku.

Umeme ukikatika mashine zilikuwa zinabaki zimezimika. Ingieni BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), wekeni ziwake zenyewe umeme ukirudi.