Laptopu inajiamsha usiku kucha, na fundi kanila 7,500 za betri bure

Nimechoka, na leo nitasema. Laptopu yangu nikiifunga hailali. Yajifanya imelala: kioo cheusi, taa imezimika, wewe waitia mkobani ukijua mambo yamekwisha. Juzi nimeamka saa tisa za usiku kunywa maji nikasikia feni yavuma ndani ya mkoba uliofungwa zipu. Nikafungua zipu, joto likanipiga usoni kama nimefunua sufuria ya wali. Hakuna aliyeigusa tangu saa nne.

Mimi nawaandikia hesabu wafanyabiashara wadogo. Nakaa Likoni, Mombasa, wateja wangu wengi wako Biashara Street na Mwembe Tayari, kila asubuhi navuka na feri. Sina ofisi, ofisi yangu ndiyo hii laptopu. Naichaji mpaka 100, nachomoa, nalala. Asubuhi nikiifungua ng'ambo yasoma 40, siku nyengine 30. Nimeishi hivyo tangu mwezi wa kwanza.

Tarehe 20 ya mwezi uliopita ndiyo iliyonikata maini. Tarehe 20 ni mwisho wa kuwasilisha kodi ya VAT ya mwezi uliotangulia kwenye iTax, tovuti ya kodi ya serikali, na ukichelewa faini ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Niko dukani kwa mteja, mzee auzaye leso, marobota yamepangwa mpaka yakaribia dari, stima zimepotea mtaa mzima tangu alfajiri. Nafungua laptopu: asilimia 6. Faili ya mauzo haijamaliza kufunguka, ikazima. Mzee akanitazama. "Mwanangu, si ulinambia jana kila kitu ki tayari?" Na kweli kilikuwa tayari, nilikimaliza usiku ule ule. Nikabeba mkoba mpaka Digo Road, nikazunguka jua la saa saba kutafuta saiba yenye jenereta, nikaja kuwasilisha saa moja jioni. Faini haikumpata, lakini jinsi alivyonitazama yule mzee haijanitoka. Mtu amenikabidhi biashara yake, mimi namwonyesha kioo cheusi.

Sasa fundi. Ni duka la katikati ya mji, wala sitalitaja. Kijana aliichukua, akaiwasha, akaangalia asilimia, akaizima. Dakika tano hazikutimia. "Dada, hii betri imekufa. Tuweke mpya." Shilingi 7,500. Nikalipa, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye. Betri ya zamani nikaomba nirudishiwe, nikaiweka kwenye droo. Usiku wa kwanza na betri mpya, 100 ikashuka hadi 47. Nikarudi. Sasa akasema ni virusi, tuifomati, 1,500 nyengine. Hapo nikachukua mashine yangu nikatoka.

Nimekesha siku nne naisoma mwenyewe. Kwenye Windows kuna amri zinazoanza na powercfg, waziandika kwenye lile dirisha jeusi la amri ukiwa umelifungua kama msimamizi. Ya kwanza niliyoijua ni powercfg /batteryreport. Yakuandikia ripoti, na ndani mna mistari miwili ya kuangalia: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo inaofikia leo ikijaa. Nikafungua skrubu, nikarudisha betri ile ya zamani, nikaiuliza. Ya kiwandani 45,000 mWh, kipimo cha umeme unaoingia betrini. Ya leo 39,150. Hiyo ni asilimia 87! Betri nzima, ya miaka miwili, haina ugonjwa wowote. Amri moja, sekunde chache, na yule kijana hakuiandika. Alitazama uso wangu akaniuzia betri.

Basi kama si betri ni nini? Nikaandika powercfg /a, itajayo aina za usingizi mashine iwezazo, ndipo nikaelewa. Laptopu za zamani zilikuwa na usingizi uitwao S3. Prosesa yazimwa, diski yazimwa, waifai yazimwa, RAM, ile kumbukumbu ya muda, peke yake ndiyo inaachiwa umeme kidogo ikumbuke ulipofikia. Huo ndio usingizi wa fofofo. Yangu S3 haina, fimuea yake, ile programu ya kiwandani iliyo ndani ya mashine, haiikubali. Iliyo nayo ni S0, ile waiitayo Modern Standby, iliyokuja kwa jina hilo na Windows 10 mwaka 2015. Hiyo yaiga simu: kioo kinazima lakini mashine haizimiki, ili ipokee barua pepe na masasisho ukiwa hupo. Ni usingizi wa mang'amung'amu. Simu imeundwa hivyo tangu mwanzo. Laptopu yenye feni na prosesa kubwa, programu moja ikikorofisha au draiva moja, programu iendeshayo kifaa, ikikataa kutulia, basi usiku mzima iko macho.

Nikaendelea. powercfg /lastwake, ya kuuliza nini kiliiamsha mara ya mwisho, haikunambia kitu, ilirudisha sifuri. Lakini powercfg /sleepstudy ilitoa ripoti ya siku tatu, kila kipindi cha kulala na mstari wake, na yangu ilikuwa myekundu. Mkosaji wa kwanza: kadi ya waifai. powercfg /waketimers ikanionyesha ratiba ya masasisho iliyopangwa kuiamsha mashine saa tisa za usiku, saa ile ile niliyosikia feni. Na powercfg /devicequery wake_armed, itajayo vifaa viwezavyo kuiamsha, ikataja kipanya changu kisicho na waya. Kipanya kina ruhusa ya kuiamsha laptopu! Nami nakibeba mkoba mmoja nayo, matatu yaruka matuta kuanzia Likoni mpaka ferini.

Nikakinyang'anya kipanya ruhusa, nikafunga zile ratiba za kuamsha, nikaikata waifai wakati wa kulala. Asubuhi yake 81. Afadhali, ila bado ni wizi. Mwisho nikaandika powercfg /hibernate on, maana chaguo hilo lilikuwa limefichwa, nikaingia Control Panel, kwenye mipangilio ya Windows, nikaamuru kifuniko kikifungwa mashine ihifadhi kila kitu kwenye diski kisha izime kabisa. Jana usiku 100, leo asubuhi 99. Kuamka yachukua sekunde kama 25. Nitazisubiri.

Lakini kwa nini nikeshe siku nne kwa jambo hili? Kampuni iliyoitengeneza iliiondoa S3 bila kuniachia chaguo, wala kwenye sanduku haikuandikwa. Joto hili la Mombasa la mwezi wa pili, mashine iliyo macho ndani ya mkoba wa ngozi, na betri za lithiamu huzeeka upesi kwa joto. Yaani mwenye kuiunda aiharibu betri kidogo kidogo, halafu mwenye duka aniuzie nyengine. Na wasituambie haiwezekani. Laptopu za Lenovo ThinkPad X1 Carbon za mwaka 2018 ziliwekewa chaguo la kurudisha S3 kwenye BIOS, menyu ya mipangilio ya fimuea, baada ya wateja kupiga kelele. Chaguo moja kwenye menyu, ni hilo tu tunalotaka.

Jumamosi narudi dukani na betri zote mbili na ripoti niliyoichapisha, nataka 7,500 zangu. Nitarudi hapa kuwaeleza walivyonijibu. Kwa sasa naomba hili: mwenye laptopu ambayo powercfg /a bado yaonyesha S3, aandike hapa modeli yake na mwaka alioinunua, nijue kabla sijanunua nyengine.