Sehemu ya hiari katika fomu: 0 yahesabiwa kuwa tupu

Muulizaji, Lamu
Assalamu alaykum. Ninaandika kwa PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, fomu ya nyumba ya wageni hapa Lamu, na sehemu yake moja ya hiari huuliza idadi ya watoto, kwa kuwa nahodha anayewapokea wageni gatini Manda hutaka kujua mapema achukue jaketi ngapi za kuokolea zenye kipimo cha watoto. Nikikagua kwa «empty», yaani amri inayouliza kama kitu ni tupu, mgeni aliyeandika 0 huhesabiwa sawa na yule aliyeiacha sehemu wazi. Nikigeukia «isset», kila mgeni huonekana amejibu. Nifanyeje niwatenganishe?

Jibu, Malindi
Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. «isset» huuliza tu kama kigeu kipo na si «null» (yaani hakina thamani yoyote), na fomu inapotumwa, kivinjari hupeleka kila sehemu ya maandishi yenye jina hata kama haikujazwa, ikiwa imebeba matini tupu, ndiyo maana jibu ni «ndiyo» daima. «empty» nayo huiona hata matini "0" kuwa tupu, kasoro ambayo, kwa maoni yangu, yatosha kuifanya isitumike kabisa penye nambari. Ondoa nafasi za pembeni, kisha linganisha kwa alama tatu za usawa:

```
$watoto = trim($_POST['watoto'] ?? '');
if ($watoto === '') {
    $watoto = null;
}
```

Alama ya ??, inayoweka matini tupu endapo sehemu haikutumwa kabisa, ilikuja na PHP 7.0 mwaka 2015. Baada ya hapo hakikisha kwamba kilichobaki ni nambari kweli, kwani wako watakaoandika «wawili».

Jibu la pili
Naongeza kwamba visanduku vya kutia tiki viko kinyume: kisipotiwa tiki, kivinjari hakikipeleki kabisa, na hapo «isset» yatosha. Ukikagua pia kwa JavaScript, lugha inayoendeshwa ndani ya kivinjari, kumbuka kuwa huko matini "0" huhesabiwa kweli, ila ikishageuzwa kuwa nambari huhesabiwa si kweli.

Muulizaji
Ahsanteni, imefanya kazi. Nilikuta pia kwamba uga wenyewe katika kanzidata nilikuwa nimeuwekea 0 kama thamani ya awali, kwa hiyo sasa nimeuruhusu ukubali «null». Maombi ya zamani hayatenganishiki tena. Wageni ambao hawajawasili itabidi tuwapigie simu mmoja mmoja.