Kutangaza mpira redio za mkoani hapa Dodoma kunalipa au nirudi shamba?

Mtoto_wa_Hombolo: Habarini wakuu. Nina miaka 23, diploma ya habari nimemaliza mwaka jana, saivi najitolea redio moja ya hapa mjini kipindi cha michezo jioni. Najitolea kweli yani, hata nauli ya daladala kutoka Nkuhungu natoa mfukoni. Timu yetu ya ligi kuu, Dodoma Jiji, wakicheza uwanja wa Jamhuri natumwa napiga ripoti kwa simu, bando langu. Sasa bi mkubwa anasema kama ni kufanya kazi bure bora nikafanye bure kwake kwenye zabibu, na kusema ukweli sina jibu. Ndoto yangu ni kutangaza mpira wenyewe, sio uchambuzi, kila mtu sikuhizi mchambuzi. Kuna aliyepita njia hii bila kuhamia Dar? Halafu nina lafudhi ya Kigogo, wenzangu wananicheka.

Mzee_wa_Makole: Mdogo wangu nimekaa kwenye maiki za redio za mikoani miaka 11, Singida na hapa, kwahiyo nakuambia ninachokijua. Mshahara kuna mahali niliambiwa "subiri matangazo yaingie" nikasubiri miezi saba, kilichonilisha ni u-MC. Mtu akishaizoea sauti yako redioni anakuita kwenye harusi ya mwanae, send-off, kipaimara, ndo maisha yalipokuwa, nyumba yangu imejengwa na harusi sio mpira.

Ila kazi yenyewe tamu asikwambie mtu. Enzi hizo uwanja wa Liti kule Singida bado unaitwa Namfua, meza pembeni ya uwanja, jua la utosi, mwenzako anatangaza dakika kadhaa anakupokeza. Kosa la vijana ni kupiga kelele. Msikilizaji yuko Bahi kwenye majaruba ya mpunga, haoni kitu, mwambie mpira uko wapi, kushoto au kulia, timu ipi inashambulia lango lipi, nani anao, halafu matokeo na dakika urudie rudie maana kuna mtu ndo kafungua redio sasa hivi. Na majina! Nilikuwa nafika mapema nikae karibu wanapopasha misuli niwakariri kwa mwendo na viatu, maana vumbi likitimka namba ya mgongoni huioni.

Lafudhi achana nayo. Mimi nilikuwa nachanganya r na l, nikawa nasoma gazeti kwa sauti kila asubuhi mpaka wife akachoka.

Binti_Chemba: Huyo anayekucheka lafudhi muulize Juma Nkamia katokea wapi. Wa huku huku kwetu, katangaza mpira redio ya taifa, RTD mpaka inakuwa TBC, 2010 akachukua ubunge Kondoa Kusini, 2014 naibu waziri wa wizara yenye michezo ndani yake, 2015 akarudi bungeni kwa jimbo la Chemba. Siasa zake sitaki kuziongelea hapa mtanirushia mawe, nasemea sauti.

Mzee_wa_Makole: Sawa dada, ila huyo alikuwa redio ya taifa. Zamani Simba na Yanga nchi nzima imeinamia redio ile ile, ukitangaza mechi moja unajulikana mpaka Kigoma. Dogo redio yake ikivuka Kongwa ashukuru.

Fundi_Mitambo: Mnamsahaulisha kitu kikubwa, haki za matangazo, yani nani kauziwa ruhusa ya kurusha mechi. Ligi kuu Azam walisaini 2021 miaka 10 kwa bilioni 225 na ushee, hiyo ni tv, na hata redio huwezi kwenda tu Jamhuri ukatangaza dakika 90 kwasababu una maiki. Ndio maana dogo anatumwa ripoti. Kwahiyo atafute mechi zisizogombaniwa, ligi ya mkoa, UMISSETA (michezo ya shule za sekondari), bonanza za mitaani, huko wenyewe wanakuomba uje. Na cheti chako kafuatilie ithibati, yani kibali cha uandishi wa habari, Bodi ya Ithibati, usije ukazuiwa mlangoni.

Tv pia ni kazi nyingine, picha inajieleza, ukiongea kama wa redio unakuwa kero.

Mtoto_wa_Hombolo: Nashukuru sana wakuu, kaka wa Makole umenigusa pale pa Bahi maana babu yangu ndo anasikilizaga hivyo hivyo. Nimepanga hivi, mama nimemuomba mpaka msimu wa ligi uishe. Jumamosi kuna mechi ya mtaa uwanja wa shule hapa jirani, nakaa pembeni na simu narekodi kipindi cha kwanza chote. Shida wale hata jezi za namba hawana, wengine vifua wazi 😂 nitawajuaje?

Mzee_wa_Makole: Nenda wakiwa bado wanavaa viatu, uwaulize majina ya utani. Halafu hiyo rekodi usinitumie mimi, mpelekee babu, akishindwa kukwambia nani kafunga basi rudia.