Kikumi yangu haikati kona Busiika: shokapu, stabilaiza au alaimenti?

Kikumi_Nyekundu: Wapenda mbio, msaada. Kikumi yangu, Corolla AE100 ya gia za mkono, inakataa kona kwenye moramu, ule udongo mwekundu, ya uwanja wa mbio wa Busiika hapa Uganda. Nakata usukani, pua inaenda moja kwa moja kama ng'ombe aliyeona majani ng'ambo. Hela inatosha kitu kimoja: shokapu nne za mtumba pale soko la spea la Kisekka, stabilaiza nene ya nyuma (ile fimbo ya chuma inayozuia gari kulala kwenye kona), au alaimenti (kunyoosha magurudumu). Mngekuwa mimi mngeanza na lipi?

Fundi_Katwe: Stabilaiza, kaka. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele ukilikaza nyuma, mkia unalegea na pua inaingia. Nimefunga kwenye magari matatu, hakuna aliyerudi kulalamika.

MamaTurbo: Hawakurudi, au walipinduka? 😀 Kwenye mashimo ukikaza nyuma kupita kiasi, tairi ya ndani inaning'inia hewani. Shokapu za mtumba nazo ni bahati nasibu, hujui ipi imechoka kuliko mwenzake. Na alaimenti ni hela ya bure kama chini kuna kitu kinacheza. Mimi ningeanza na chaki, haifiki hata bei ya rolex, ile chapati ya mayai. Chora mstari begani mwa tairi, zunguka mara tatu, uone umefutika mpaka wapi. Ukifutika mpaka ubavuni, tairi inajilaza, iongeze upepo.

Mzee_wa_Springi: Chaki ni ya lami, binti yangu. Moramu hufuta kila kitu. Wewe mwenye gari, kabla hujafungua pochi nijibu: inakataa ukiwa bado kwenye breki, katikati ya kona, au ukishakanyaga mafuta? Na ni kona zote?

Kikumi_Nyekundu: Mzee, umenikamata. Ni katikati ya kona. Na sasa nikikumbuka vizuri, ni za kulia tu! Za kushoto inaingia kama kawaida.

Mzee_wa_Springi: Basi gari ni gonjwa, mwanangu, halihitaji urembo. Stabilaiza ingebadilisha kona za pande zote, na ugonjwa ungebaki palepale. Ukikata kulia, uzito unaegemea kushoto mbele. Inua gari, tia mtaimbo kwenye mkono wa chini wa kushoto, ule unaoshika gurudumu, usukume. Tazama bushi (mipira ya mkono huo), boljointi (kiungo cha gurudumu) na tairodi (fimbo ya usukani). Upepo nao upime asubuhi tairi zikiwa baridi, kushoto na kulia ulingane.

MamaTurbo: Hapo kwenye upande mmoja sikufikiria kuuliza. Asante, Mzee.

Kikumi_Nyekundu: Nimetoka chini ya gari sasa hivi, nimejaa grisi. Bushi ya nyuma ya mkono wa kushoto imechanika, ukisukuma mtaimbo gurudumu zima linarudi nyuma. Wiki tatu nimekuwa nikizilaumu tairi! Nimenunua bushi za pande zote mbili, ya kulia isije ikanisaliti. Zikishafungwa, hela iliyobaki inaenda kwenye alaimenti.

Fundi_Katwe: Sawa, Mzee kashinda. Lakini ile stabilaiza ninayo hapa kibandani. Nikuwekee?