Mrejesho: Betri ya mashine ya kukatia nyasi sasa inatunza chaji

Niliuliza hapo awali kwa nini betri ya volti 12 ya mashine yangu ya kukatia nyasi, ile ya kukaliwa na kuendeshwa, huishiwa chaji kila inapokaa wiki chache bila kuwashwa, ilhali bado ni mpya. Nawashukuru kwa dhati wote walionisihi nipime kabla ya kununua nyingine.

Injini ikizunguka kwa kasi, multimita (kifaa cha kupimia umeme) ilionyesha volti 14.1 kwenye vibano vya waya, lakini nilipoigusisha kwenye vichwa vyenyewe vya betri ilishuka hadi 12.8. Umeme ulikuwa unazalishwa vizuri, ila haukuingia wote, kwa sababu chini ya kibano cha hasi kulikuwa na unga mweupe wa kutu. Nilifungua hasi kwanza, kisha chanya, nikasugua kwa brashi ya waya na maji yenye bikabonati ya soda, nikakausha, nikafunga chanya kisha hasi, na kupaka grisi juu. Tofauti ile ikatoweka.

Mashine inapokaa muda mrefu, naiunganisha na chaja ndogo inayojipunguza yenyewe betri ikijaa, kwani betri ya risasi na asidi ikiachwa na chaji pungufu hujenga salfeti (fuwele za chumvi ya risasi) kwenye sahani zake za ndani, na salfeti hiyo ikishakomaa ni vigumu mno kuiondoa. Asubuhi hii, chaja ikiwa imetolewa tangu jana, nilisoma volti 12.7, kiwango cha betri iliyojaa ikiwa imepumzika, na stata (mota ya kuwashia) ilizungusha injini mara moja.