Tupeane uzoefu: dereva mbili za kerneli zinasubiriana, ulizikwamuaje?

Mzee wa Seriali (mleta uzi)
Wakuu, habari za usiku. Niko Sinza, saa nane hii, skrini ya mashine ya tiketi ndiyo kwanza imewaka mbele yangu baada ya usiku wa nne, na usingizi umeshakata. Nikaona nianzishe uzi tupeane uzoefu wa gonjwa hili: dereva A (programu ya kerneli, yaani moyo wa Linux, inayoendesha kifaa) inaisubiri B, B nayo inaisubiri A, bodi inawaka vizuri tu ila kifaa hakionekani.

Yangu ilikuwa hivi. Bodi ilikuwa na HDMI, imepiga kazi mwaka mzima. Mteja akataka skrini ya DSI, zile za kebo bapa kama utepe. Nikaongeza mistari kwenye faili la DTS (linaloieleza kerneli vifaa vilivyo kwenye bodi), nikawasha. Taa ya nyuma inawaka, picha hamna. Kwenye seriali (waya wa kusomea logi ya bodi) hakuna kosa hata moja! Hapo ndipo -EPROBE_DEFER inapoudhi (kwenye logi utaiona kama -517). Tangu Linux 3.4 ya mwaka 2012, dereva isiyomkuta inayemtegemea inasema tu "nitarudi baadaye", kerneli inaiweka foleni, na kila dereva nyingine ikifanikiwa foleni inapitiwa upya. Kama shida ni nani katangulia, dawa ni hiyo. Ila wawili wakisubiriana hakuna atakayefanikiwa kwanza, na foleni inalala hapo hapo.

Nikafungua /sys/kernel/debug/devices_deferred. Waliokwama ni wawili: kidhibiti cha kloku (mapigo ya saa) za skrini, na PHY ya DSI (sehemu ya chipu inayosukuma ishara kwenye kebo). Kidhibiti kinapokea kloku ya pikseli kutoka kwa PHY, maana PLL (kitengeneza kloku) imo humo ndani. PHY nayo, ili uweze kugusa rejista zake, inataka kloku ya basi, na hiyo inatoka kwenye kidhibiti kilekile. Duara kamili, na duara hilo limo kwenye chipu yenyewe, DTS haina kosa.

Aliyekosea ni mimi. Dereva ya kidhibiti niliiandika mwenyewe, na mwanzoni mwake nilikuwa nimeweka devm_clk_get, yaani ombi la kupewa ile kloku ya pikseli, ili nichapishe kasi yake kwenye logi. Yaani usiku nne kwa ajili ya mstari wa kuchapisha namba! Kidhibiti hakiihitaji kloku ile ili kiamke, kinaihitaji pale mtu anapowasha pikseli. Na mfumo wa kloku wa Linux unakubali kloku isajiliwe kabla mzazi wake hajafika. Wenyewe wanaiita yatima, mzazi akitokea anakabidhiwa mwanawe. Nikafuta ule mstari, mzazi nikamtaja kwa jina tu ndani ya clk_parent_data. Kidhibiti kikasajili kloku zake, ya pikseli ikiwa yatima. PHY ikapata kloku ya basi, ikaamka, ikasajili PLL. Yatima akapata mzazi, picha ikaja.

Haya, mwageni na ninyi.

Konda Mstaafu
Mkuu ungeweka tu fw_devlink=permissive kwenye mstari wa kuwashia ukalale. Mimi kila bodi naanzia hapo.

Mzee wa Seriali
Niliweka usiku wa kwanza, haikusaidia. fw_devlink ni kerneli kusoma DTS na kuizuia dereva isianze kabla inayemtegemea hajawa tayari, na tangu 5.13 imewashwa tangu kiwandani. Ukiilegeza, kerneli inaacha kuzuia. Lakini aliyekuwa anazuia kwangu ni msimbo wangu mwenyewe uliokuwa ukirudisha -517. Hapo utalegeza mpaka asubuhi.

Binti Kijitonyama
Pole kaka. Yangu ilikuwa DSI hiyo hiyo ila mlango mwingine. Nilikuwa na chipu ya kugeuza DSI kwenda LVDS (aina nyingine ya muunganisho wa skrini), inaongozwa kwa I2C (waya mbili za kupitishia amri). Dereva ya chipu inamtafuta mwenye basi la DSI, ikimkosa inarudi foleni. Mwenye basi naye nilimwandika asitangaze basi mpaka aione chipu iliyo mbele yake. Ni kama mama ntilie wa asubuhi: hana chenji mpaka auze, na wewe una noti ya elfu kumi tu, chai inapoa mnatazamana.

Nilichofanya ni kuigawa kazi ya mwenye basi mara mbili. Anapoanza anaita mipi_dsi_host_register na kuishia hapo, hamuulizi mtu. Kujiunga na skrini nzima, ile component_add, nikaihamishia kwenye attach, ambayo inaitwa chipu ikishajileta yenyewe. Nyaraka za DRM (sehemu ya kerneli inayoshughulikia skrini) zinaeleza mpangilio huu, mimi nilizisoma baada ya kuteseka.

Fundi Kariakoo
Mimi aibu yangu ni fupi. Kamera. Kwenye logi nikaona "Fixed dependency cycle(s) with" na jina la sensa. Siku mbili nasaka kosa, nikabadilisha kebo, nikapanda mwendokasi hadi Kimara kumfuata jamaa mwenye osiloskopu. Kumbe kerneli inanipa taarifa tu: nimeona duara, nimelikata. Sensa na kipokezi cha CSI (njia ya picha za kamera) kwenye DTS lazima waelekezane kwa remote-endpoint, huyu anamtaja yule na yule anamtaja huyu, kwa hiyo duara lipo kila siku na halina madhara. Picha ilikosekana kwa sababu pini ya kuamsha sensa niliiandika kinyume.

Binti Kijitonyama
😂 Osiloskopu ilisema nini?

Fundi Kariakoo
Ilisema nauli yangu imeenda.

Mwanachuo Mlimani
Shikamooni wakuu. Sisi yetu haikufika hata kwenye vifaa. Kwenye projekti mwenzangu aliandika moduli ya kihisi, mimi ya kuhifadhi data, kila mmoja anaita kazi (functions) za mwenzake. depmod (programu inayopanga moduli ipi inaitegemea ipi) ikatoa "Cycle detected" na moduli zote mbili zikakataa kupakiwa. Tukazichomoa zile kazi za pamoja, tukazitia kwenye moduli ya tatu isiyomtegemea yeyote. Ilichukua dakika ishirini, ugomvi wa nani kaharibu ulichukua wiki.

Swali: mimi devices_deferred inanipa majina tu, sababu haionekani. Mnaionaje?

Mzee wa Seriali
Marahaba. Ni dereva yako haijaandika sababu. Pale unaporudisha kosa tumia dev_err_probe, ipo tangu 5.9. Ikiwa kosa ni -517 inakaa kimya kwenye logi ya kawaida, ila ujumbe wako inauweka pembeni ya jina humo humo devices_deferred. Wakati wa kuwasha ongeza na initcall_debug, utaona kila dereva inaanza lini na inarudi na namba gani. Logi itakuwa ndefu, ihifadhi kwenye faili kabla umeme haujakatika.

Konda Mstaafu
Sawa nimeelewa, naondoa permissive yangu kwenye bodi moja nione. Ila mleta uzi, umeijaribu hiyo skrini kuilaza na kuiamsha? Mpangilio wa kulaza vifaa nao unafuata nani anamtegemea nani. Duara likishakatwa, kerneli haijui tena nani alale kwanza.

Mzee wa Seriali
Nimeijaribu sasa hivi baada ya kusoma hapa. Imeamka nyeupe pe. Kuna kitu kwenye DTS kinaitwa post-init-providers, unaiambia kerneli kwamba huyu simhitaji ili nianze, na upande upi wa duara ukatwe kerneli inauchagua kwa kauli yako. Kerneli yangu ni 6.1, nadhani nitalazimika kupanda. Nachemsha maji ya kahawa.