Mrejesho: ngazi ya kutokea paani

Wakuu, niliuliza mwezi uliopita kuhusu ngazi ya chuma ya kushukia kutoka paani moto ukizuka; jengo letu Kariakoo lina ghorofa nne na ngazi moja tu ya ndani. Asanteni sana. Fundi ameshaifunga nyuma, mbali na madirisha ya majiko, kwa boliti zilizopenya ukuta.

Tulipojaribu, kumbe mlango wa paa una kofuli na ufunguo anao mlinzi! Nimeweka komeo la kufungulia kwa ndani. Na kwa kuwa moshi hupanda, tumekubaliana: ngazi ya ndani ikipitika, watu washuke, paani ni njia ya mwisho.

Mama mmoja alishuka na mwanawe mgongoni, mikono ikimtetemeka. Wiki hii naongeza kizimba cha kuizunguka ngazi, kukinga mgongo wa anayeshuka.